Kilima cha Mavi ya Chuma na Mdomo Wangu

Kijana uliyepewa kazi ya kuongoza wageni kwenye mahali pa kihistoria, kaa vizuri nikuambie jambo ambalo cheti chako hakikukufundisha. Kabla hujaijua historia ya mahali pako, jua choo kiko wapi. Basi la shule likisimama baada ya mwendo wa kutoka Kahama, hakuna mtoto anayeshuka na kiu ya uzalendo. Anashuka amebana magoti. Mimi nilichelewa sana kulielewa hilo. Nimehutubia madarasa mazima ya watoto waliokuwa wakirukaruka mbele yangu, nikadhani wameguswa na maneno, nikaongeza maneno.

Na wewe msafiri mdogo, usidhani nimekusahau. Haya nayaandika kwa ajili yako pia, ili siku ukikutana na mzee anayeongea bila kituo mbele ya kaburi au gofu, ujue hajakuchukia. Anaipenda nchi yake, ila anaipenda kwa mdomo tu, na mdomo hauna breki.

Kazi yangu ilikuwa Kilima cha Wahunzi, kijijini kwetu, ukitoka Masumbwe kuelekea Ushirombo. Ukifika usitafute sanamu wala mzinga. Utakuta lundo refu la mawe meusi, mazito, yenye matundu kama maandazi yaliyosahauliwa motoni. Hayo ndiyo mavi ya chuma, yaani taka zilizobaki pale wazee wetu walipoyeyusha mawe kwa mkaa na mivukuto wakapata chuma, na kwa chuma hicho wakafua majembe. Majembe yale yalilima, yalilipa faini, yalitolewa mahari, yalibebwa mabegani hadi nchi ambazo wabebaji hawakujua majina yake. Ukoo mzima ungeweza kusema umetokana na majembe kadhaa na msichana mmoja mkaidi.

Hiyo ndiyo historia yenyewe, na ni nzuri. Sasa jaribu kuionyesha kwa mtoto wa Geita ambaye baba yake yuko shimoni anatafuta dhahabu. Unamwonyesha lundo, unamwambia ajivunie. Yeye anaokota jiwe moja, analipima kwa kiganja, analigeuza juani kuona kama linang'aa, kisha anakuuliza kwa heshima zote, "Babu, hili likisagwa linatoa kitu?"

Nilipataje kazi hiyo? Kijiji kilitaka msomi. Mimi nilikuwa nimehitimu madarasa ya jioni, tena nilikuwa wa kwanza katika darasa letu, na nilikuwa wa mwisho pia, maana wenzangu wote walikimbilia machimboni kabla ya mtihani. Nikavaa koti, nikaenda kilimani, nikamkuta Mama Nyanzobe.

Mama Nyanzobe ndiye aliyekuwa mlinzi wa kilima kabla yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ugoro puani na amri mdomoni, na aliniangalia lile koti kama mtu anayeangalia mbuzi aliyevishwa viatu. Alinifundisha kwa muda mfupi, kisha akastaafu na kwenda kulima karanga zake. Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya uongo. Aliniapia kwamba nyoka hamgusi mwalimu, na nimeshuhudia mwalimu wa jiografia akikimbia kuliko wanafunzi wake wote. Lakini mengine yalikuwa dhahabu. "Dereva wa basi mpe chai kabla ya mtu mwingine yeyote," aliniambia. "Safari inaisha pale dereva anapochoka, siyo pale historia inapoisha." Kweli tupu. Tangu hapo sikuwahi kumnyima dereva karanga na michembe, viazi vyetu vya kukausha, na madereva walinipenda hadi wengine wakawa wanasimama hata wakiwa hawana wanafunzi.

Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Mgeni mpe kitu kizito ashike. Mkono ukilemewa, mdomo wake utauliza. Wewe subiri."

Subiri? Mimi, mhitimu? Nilikuwa na maneno kifuani yaliyokuwa yanasukumana kama abiria mlangoni. Nikamwitikia "Wabeja, mama," asante zetu za Kisukuma, halafu nikalisahau neno lake kabla vumbi la miguu yake halijatulia.

Nikaanza kuongea. Nilikuwa na sauti, kijana wangu. Nikipanda juu ya lundo nikasema "Ndugu wanafunzi", kuku wa kijiji cha jirani waliacha kula. Upepo ukiwa mzuri sauti ilifika Ibadakuli, kwenye uwanja wa ndege, na ndege zilizotaka kutua Shinyanga zilizunguka kwanza hadi nimalize aya. Na kama ujuavyo, hadithi ikisimuliwa kila wiki inakua kama mtoto. Mwaka wa kwanza nilisema moto wa wahunzi ulionekana kijiji cha pili. Baadaye ukaonekana Shinyanga. Kufikia katikati ya utumishi wangu, Wajerumani walikuwa wanashindwa kulala Tabora kwa ajili ya mwanga wake, na walifunga madirisha.

"Babu," mtoto mmoja aliniuliza, "wahunzi walikuwepo wakati wa Wajerumani au kabla?"

"Walikuwepo kabla, wakati, na baada," nikamjibu. Jibu la namna hiyo halina wa kulipinga, ndiyo maana halina faida.

Siku moja mwalimu aliyekuwa ameleta darasa lake muhula uliopita alirudi kunitembelea, anacheka hadi anashika ubavu. Mimi, kwa kunogesha, nilikuwa nimewaambia watoto wake kwamba wahunzi walikula chuma, walikunywa chuma na kulala chuma. Kwenye jaribio swali likauliza chakula kikuu cha wazee wetu, na nusu ya darasa wakaandika chuma. Mmoja alifafanua kwamba kilikuwa kinachemshwa kwanza.

Shida nyingine ilikuwa mifuko. Mtoto wa machimboni hawezi kupita penye mawe mikono mitupu. Ni malezi. Baba yake akitembea anaokota, mama yake akitoka kisimani anaokota. Kila basi lililoondoka kilimani liliondoka na sehemu ya kilima. Wavulana walipanda ngazi za basi wameshika kaptula kwa mikono miwili zisianguke. Nikatunga kitisho. Nikawa nawaambia, kwa sauti nzito, "Atakayebeba chuma cha wahunzi, njia ya kwao itampotea." Kikasaidia kidogo. Waoga waliyarudisha, majasiri wakachagua makubwa zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyotumika mpaka akaja Shija.

Shija alikuwa kijana wa pale pale, aliyepata fedha machimboni akazitumia kwa akili. Alinunua karasha, ile mashine inayoponda mawe ya wachimbaji hadi yawe unga, unga uoshwe, dhahabu ibaki. Alikuwa mpole, hakunywa, alisalimia wazee hata waliokuwa wamelala. Sasa alitaka kujenga kituo kikubwa cha kusagia, na mahali alipopapenda kuliko pote ni kilimani kwangu. Barabara iko jirani, nguzo za umeme zinapita, ardhi ni ngumu. Mavi ya chuma angeyasambaza chini ili malori yasikwame. Vijana wa kijiji wangepata ajira. Ukimsikiliza huwezi kumchukia, na hilo ndilo lililonikera.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mayunga, akaitisha mkutano wa kijiji. Nikasimama na koti langu. Niliongea juu ya mababu, juu ya taifa, juu ya vizazi vijavyo, na nikagusia Wajerumani na madirisha yao. Nilipoketi, watu walipiga makofi ya adabu. Kisha Shija akainuka.

"Shikamoo, Baba Minza," alianza. Ndivyo ninavyoitwa, kwa jina la binti yangu.

"Marahaba."

"Mimi sina maneno mengi. Nilipokuwa darasa la tano tuliletwa kilimani na shule. Baba Minza alitueleza. Alitueleza jua likiwa huku, likaenda kule. Naomba kuuliza waliokuwa darasa langu, maana nawaona hapa. Ng'wandu, unakumbuka nini?"

Ng'wandu, mwanamume mzima mwenye watoto, alikuna kichwa. "Nakumbuka njaa."

"Holo?"

"Mimi nilizimia kidogo," Holo alisema. "Ila siyo sana."

Mkutano ukacheka hadi mbwa wakabweka. Nilicheka pia, kwa sababu ukichekwa na kijiji kizima usipocheka unabaki peke yako. Lakini moyoni nilihisi kama mtu aliyefunuliwa kwamba kwa miaka yote alikuwa akipika bila kuwasha moto. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuwapandisha watoto kilimani wakiwa watoto na kuwashusha wakiwa wenye nchi. Na huyu hapa, niliyempandisha mwenyewe, amerudi kutaka kukisambaza kilima chini ya malori. Nilitaka kutengeneza mzalendo, nikatengeneza karasha.

Mzee Mayunga aliinua mkono. "Sikilizeni. Sisi ngoma zetu haziamuliwi na jaji. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanacheza uwanja mmoja, saa ile ile. Watu wakihamia upande mmoja, mshindi kajulikana, hakuna rufaa. Wiki ijayo kuna shule inatoka Nyahanga, pale Kahama, kuja kilimani. Shija, lete karasha lako ulisimamishe upande wa barabara, uliwashe. Baba Minza, wewe kaa upande wa lundo na mambo yako. Watoto waachiwe waende wanakotaka. Watakakobakia ndiko kilima kitakakokwenda."

Watu wakashangilia, maana mashindano kwetu ni chakula. Shija akanipa mkono. "Usinichukie, baba."

"Nikuchukie kwa lipi," nikasema, "na wewe ni kazi ya mikono yangu?"

Wiki ile nilifanya mazoezi. Niliamua kutunga hotuba itakayozima injini. Kila asubuhi nilipanda kilimani kuwahutubia mbuzi, na kwa kuwa nilijua nitapambana na mashine, niliwahutubia kwa sauti ya kupambana na mashine. Mbuzi walivumilia siku ya kwanza, siku ya pili wakahamia kwa jirani. Mke wangu aliniambia, "Baba Minza, sauti ni kama mtungi, haichotwi mpaka chini." Sikumsikia, nilikuwa naongea.

Nilimwomba pia Fundi Bujiku aje siku hiyo. Bujiku ni mhunzi wa kijiji, Msumbwa, wa ukoo wa wale wale waliorundika yale mavi ya chuma. Siku hizi kazi yake ni kunoa na kufua moko, zile patasi za chuma wanazochonga nazo mwamba kule mashimoni. Nilimwomba alete mivukuto ya babu yake, ile ya ngozi ya mbuzi, na fuawe lake, akae pembeni. Nikamweleza waziwazi kwamba sitaki afanye kitu. Yeye ni pambo. Wageni wakimwona nyuma yangu, hotuba yangu itapata uzito.

"Pambo," alisema Bujiku, akiutafuna mswaki wake. "Nilikuwa sijawahi kuwa pambo. Mke wangu atafurahi."

Siku ikafika. Niliamka, nikafungua kinywa kumwamkia mke wangu, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Ikatoka pumzi yenye mchanga. Mke wangu akaenda jikoni, na nikamsikia anacheka huko na jirani yake. Nilikunywa tangawizi, nikanywa asali, nikanywa mchuzi wa kuku wa moto hadi nikaungua ulimi. Sauti iliyokuwa inazungusha ndege Ibadakuli haikuweza kumfukuza hata inzi.

Nilipofika kilimani kijiji chote kilikuwa kimekaa, kina mama na viti vyao, vijana juu ya pikipiki. Shija alikuwa amekwisha kulileta karasha lake dogo kwenye tela, amelisimamisha kando ya barabara na kuweka jiwe chini ya tairi lisiserereke. Wachimbaji walikuwa wameleta mifuko ya mawe ya kusaga. Basi la Nyahanga likaja, watoto wakashuka wamebana magoti, nikawaonyesha choo kwa mkono. Hiyo tu ndiyo sehemu ya hotuba yangu iliyokwenda kama ilivyopangwa.

Kisha Shija akawasha.

Kijana, kama hujawahi kusimama karibu na karasha, fikiria mvua ya mawe inanyesha juu ya bati na wewe uko kati ya bati na mawe. Watoto wote, wote kabisa, wakakimbilia kule. Mwalimu wao akawafuata. Nikabaki juu ya lundo, na koti langu, kinywa wazi, kama sato aliyetolewa ziwani. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Bujiku.

"Sasa pambo ni nani?"

Nilishuka nikaketi kando yake. Nilikitazama kilima changu kwa jicho la kuaga. Nilijiona nikiwa mzee wa kituo cha karasha, nauza maji ya chupa kwa madereva wa malori.

Lakini tuliokuwa tumeketi, tuliona mambo. Kule kwenye karasha watoto walikuwa wanasukumwa nyuma. Mkanda wa injini ukikushika hauombi radhi, kwa hiyo kijana wa Shija alikuwa anawapungia mikono: rudi, usiguse, rudi. Shija alikuwa anawaeleza jambo, tena kwa moyo, lakini hakuna aliyesikia hata neno, na nilipoona mdomo wake unavyofunguka na kufungika nilijiona mwenyewe. Vumbi likawafunika. Na watoto wa Kahama si wageni wa karasha, wengine wanalala wakilisikia.

Msichana mmoja alitoka kule anafikicha macho, akaja upande wetu kutafuta hewa. Akatuamkia. Bujiku akaitikia, mimi nikainamisha kichwa. Akasimama akisubiri niseme, kwa sababu wazee waliovaa koti kwa kawaida husema. Sikuweza. Basi kwa kukosa la kufanya niliinama nikaokota pande la mavi ya chuma nikamwekea mikononi.

Mikono ikashuka. "Zito," alisema. Akaligeuza. "Mbona lina matundu, babu? Limeungua?"

Nikamwonyesha mivukuto.

"Inapuliza?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Bujiku alikwishatema mswaki wake. "Shika hapa na hapa," alimwambia. "Huu ukishuka, huu unapanda. Taratibu, siyo kama unapiga nyoka."

Alipuliza. Makaa aliyokuja nayo Bujiku, yaliyokuwa yamelala, yakafungua macho. Yule msichana aliruka nyuma, akacheka, akarudi. Akachoka upesi, maana mivukuto ile si ya mtu mmoja. Akageuka akaita, "Leticia, njoo unisaidie, mikono inakatika." Leticia akaja na wenzake. Bujiku akawagawa makundi mawili, hawa Bagika, hawa Bagalu, tuone moto wa nani utakuwa mweupe. Hakuhitaji kueleza zaidi, damu ya mashindano wamezaliwa nayo. Mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia ili mikono iende pamoja, wengine wakapokea. Wimbo ule ukavuka barabara, sijui kwa njia gani, chini ya ngurumo ya karasha, na wavulana wakageuza vichwa.

Wavulana walipokuja, Bujiku alikuwa ametoa kipande cha chuma chekundu kwa koleo. "Hili litakuwa jembe. Nani ana mkono?" Walikuwa wengi wenye mkono, na hakuna aliyekuwa na shabaha. Nyundo ilipiga chuma, ikapiga fuawe, ikapiga hewa. Mwalimu wao alivua saa akaomba zamu. Halafu nikamwona kijana wa Shija, yule aliyekuwa anawafukuza watoto, amesimama kwenye foleni.

Muda ukafika karasha likanguruma peke yake. Shija akalitazama, akawatazama watu, akalizima, maana mafuta yalikuwa yanaungua bure. Kimya kilichofuata sitakisahau. Ilisikika nyundo tu, na pumzi za watoto.

Katika kimya hicho ndipo yule msichana wa kwanza, masizi hadi kwenye nyusi, akaniuliza swali ambalo kwa miaka yangu yote ya kuongea hakuna mtoto aliyewahi kupata nafasi ya kuniuliza.

"Babu, wale wa zamani, chuma walinunua wapi?"

Kwao kila kitu kinanunuliwa, hata maji. Nilikuwa na majibu marefu, yenye Wajerumani ndani yake. Lakini koo langu lilikuwa na nafasi ya maneno machache tu. Nikamnong'oneza, na kwa kuwa nilinong'ona, watoto wote walisogea na kuinama kunisikia.

"Hawakununua. Walikitoa humu." Nikaigusa ardhi kwa mguu.

Wote walitazama chini. Yule msichana alisogeza kiatu chake pembeni, polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga mkeka wa wenyewe.

"Nani aliwafundisha?" mvulana mmoja aliuliza, naye ananong'ona, kana kwamba ndiyo lugha ya mahali pale.

"Walifundishana."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu. Ni fupi kuliko zote nilizowahi kutoa na haina chumvi hata chembe.

Jembe lenyewe, nisikudanganye, lilitoka baya. Lilifanana na sikio la tembo aliyegombana na mkewe. Bujiku aliliinua akasema mwanamke aliyetolewa mahari kwa jembe hilo angerudi kwao kabla ya chakula. Watoto walilishangilia kama watu walioona mvua. Mzee Mayunga akanyanyuka kutoka kwenye kiti chake, akatazama upande wa barabara uliokuwa hauna mtu, akatazama upande wetu.

"Watu wamekwisha kuhama," alisema. Akajifunga vizuri shuka lake akaenda kwake.

Nilimtafuta Shija kwa macho. Alikuwa amechuchumaa kwenye tela lake, anachomoa lile jiwe chini ya tairi. Nikadhani anaondoka kwa hasira. Alikuja nalo hadi kwenye lundo, kalishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoliona vizuri. Lilikuwa jeusi, lenye matundu, na pembe yake moja imesagwa ikawa bapa.

"Unalifahamu?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Darasa la tano. Nililiweka kwenye mfuko wa madaftari, mkanda ukakatika. Ulisema njia ya kwetu itanipotea, nikatembea nashika ukuta wa nyumba za watu mpaka nyumbani." Alicheka kidogo. "Nilidhani lina dhahabu na wewe unatuficha. Nikalisaga pembe hii kwa nyundo ya baba, nikaosha unga kwenye karai. Hakuna kitu. Lilikuwa jiwe langu la kwanza kusaga maishani. Halikunipa chochote, baba, lakini kila nikihama nahama nalo. Nimejaribu kulitupa, mkono unakataa. Sijui kwa nini."

Nilitaka kumweleza kwa nini. Nilikuwa na maelezo ya kutosha hadi machweo. Namshukuru Mungu koo langu lilikuwa limefungwa.

Shija akaliweka juu ya lundo, akalisukuma hadi likakaa. "Karasha nitalijenga ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la mjomba. Ila nina sharti moja."

Nikamwinulia nyusi: lipi?

"Usipone koo."

Nilipona, lakini sharti nilijitahidi kulitimiza. Nilifanya kazi muda mfupi zaidi, nikiongea kidogo na kutoa vitu vizito vingi, halafu nikamwachia kilima Kabula, binti mwenye akili anayeijua kazi kuliko mimi na ambaye, kwa msaada wa Mungu na wa Shija, hawezi kuongea kwa muda mrefu. Karasha la ng'ambo ya barabara likianza kunguruma anabaki na ishara za mikono tu. Watoto wanapuliza, wanafua, wanaharibu. Kuna ukuta mzima wa majembe mabaya pale, uje uone. Na kabla watoto hawajapanda basi, Kabula hakagui mifuko. Wengi wanayarudisha mawe wenyewe, mmoja mmoja, wanayaweka taratibu. Wachache hawarudishi. Hao nawaombea mkanda wa mfuko usikatike.

Kwa hiyo kijana, ukipata kazi kama yangu, kwanza choo, pili dereva, tatu kitu kizito. Ukibanwa sana na maneno, nenda kawahutubie mbuzi, wanajua kuhama. Na siku ukija kwetu, muulize Kabula akuonyeshe jiwe lenye pembe iliyosagwa. Hatakueleza chochote. Ataliweka mikononi mwako, kisha atasubiri uulize.